Hormoni na Mwako wa Tumbo la Uzazi
Mazungumzo ya afya kwa wafanyabiashara na wakazi, Soko la Burma



Mada ya leo ina jina zito, lakini inaweza kuanzia papa hapa kwenye meza ya mwuza nyama. Anayetoa figo la ng'ombe hulikuta limefunikwa na mafuta meupe. Ndani ya mafuta hayo, karibu na figo, hujificha kipande kidogo cha nyama ambacho wengi hukitupa bila kukitazama. Hicho ni tezi. Binadamu naye anazo mbili, moja juu ya kila figo, na kazi yake ni kuchukua kolesteroli, ile lehemu inayotajwa kila mtu anapopimwa presha, na kuigeuza kuwa hormoni. Ovari za mwanamke hufanya kazi kama hiyo, na korodani za mwanamume vilevile. Hormoni zote zinazozaliwa na kolesteroli huitwa steroidi. Estrojeni, projesteroni, testosteroni na kotisoli ni ndugu wa ukoo mmoja, hata kama kila mmoja ana tabia zake. (Asitokee wa kutumia habari hii kuuza mafuta ya nyama kwa bei ya juu. Ini la mtu hutengeneza kolesteroli ya kutosha lenyewe.)

Neno la pili linaleta utata zaidi. Mama akiambiwa kliniki kwamba ana uvimbe kwenye kizazi, hufikiria fibroidi, yaani donge linaloota kwenye nyama ya tumbo la uzazi. Lakini upo uvimbe wa aina nyingine, ule wa kidole kilichokatwa na kisu. Kidole huwa chekundu, hupata joto, hufura na kuuma. Mishipa ya damu imejifungua, chembe nyeupe zimeingia kupigana na vijidudu na kusafisha palipoharibika. Ili mambo haya mawili yasichanganywe, uvimbe huu wa pili utaitwa mwako. Mwako ukizimika kwa wakati wake, kidonda hupona. Usipozimika, huanza kumla mwenyewe.

Mahali pengi mwilini mwako huja kwa ajali au kwa ugonjwa. Katika viungo vya uzazi vya mwanamke huja kwa ratiba. Yai linapotoka kila mwezi hupasua ukuta wa ovari, na pale lilipotokea hubaki jeraha dogo la kutibiwa. Mwaka wa 1980 mtafiti Mmarekani Lawrence Espey alitoa hoja kwamba kutoka kwa yai kunafanana na mwako katika kila hatua, na tafiti nyingi za baadaye zimemuunga mkono. Hedhi ni mwako. Uchungu wa kujifungua nao ni mwako. Mwanamke mwenye afya njema huwashiwa moto na kuzimiwa mara mia kadhaa maishani mwake, na wanaowasha na kuzima ni hao ndugu wa steroidi.

Chukueni hedhi, maana ndiyo inayojulikana na wengi na kueleweka na wachache. Katika nusu ya kwanza ya mwezi estrojeni hujenga utando laini ndani ya tumbo la uzazi. Yai likishatoka, sehemu ya ovari lilipotoka hugeuka kiwanda cha projesteroni. Kila aliyewahi kulaza jiko la makaa anajua jivu linavyofanya kazi: makaa yanafunikwa, joto linabaki ndani, lakini moto hauwaki mpaka asubuhi. Projesteroni ndiyo jivu hilo. Utando umejaa chembe za kinga, ila zimetulizwa ili yai lililotungwa likija lipokewe kama mgeni, si kama mwizi. Mimba isipotunga, kiwanda hicho hufa baada ya wiki mbili hivi. Projesteroni hushuka na jivu likapeperushwa. Seli za utando huanza kutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, chembe nyeupe huingia kwa wingi, mishipa midogo ya damu hujikaza, utando hubomoka na damu hutoka. Siku chache baadaye estrojeni huanza kupanda tena, na kotisoli husaidia kutuliza mambo mpaka ukuta unapona bila kovu. Hakuna sehemu nyingine ya mwili wa mtu mzima inayobomoka na kupona bila kovu kila mwezi namna hiyo.

Maumivu ya hedhi yanatoka hapo hapo. Prostaglandini huikaza misuli ya tumbo la uzazi, na zikizidi hufika kwenye utumbo, ndiyo maana wengine huendesha au kutapika siku ya kwanza. Msichana anayelala chini kwa maumivu hajifanyi, wala hajarogwa. Dawa kama ibuprofeni, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Brufen, huzuia mwili kutengeneza prostaglandini. Kwa hiyo husaidia zaidi ikinywewa maumivu yanapoanza, baada ya kula, kuliko mtu akingoja mpaka ajikunje ndipo anywe. Mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au pumu, na mama mjamzito, wasiinywe kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Jambo moja husahaulika hata kwenye maduka ya dawa: anayetafuta mtoto asinywe dawa za jamii hii kila siku katikati ya mwezi. Kutoka kwa yai kunauhitaji mwako ule, na dawa ikiuzima kabisa yai linaweza kushindwa kutoka.

Lakini kuna maumivu ambayo ibuprofeni haiyafikii, na hapa inafaa kutua kidogo.

Juni 2024 Nairobi ilimpoteza mtangazaji Njambi Koikai, aliyependwa na mashabiki wa reggae kama Jahmby. Alikuwa ameishi na endometriosi tangu usichana, ikafika mpaka mapafuni, akafanyiwa upasuaji mara nyingi, na kwa miaka mingi aliusimulia ugonjwa wake hadharani wakati ambapo wengi hawakuwa wamelisikia hata jina lake. Katika endometriosi, seli zinazofanana na zile za utando wa tumbo la uzazi hukaa nje yake: kwenye ovari, kwenye utumbo, nyuma ya kibofu, na mara chache mbali zaidi. Hormoni zinapopanda na kushuka, seli hizo nazo hufuata. Zinawaka, lakini damu haina njia ya kutokea, na kovu linarundikana juu ya kovu. Kinachoufanya ugonjwa huu kuwa mkaidi ni kwamba kinga yenyewe imepinduliwa. Seli hizo huweza kujitengenezea estrojeni yao papo hapo, estrojeni huchochea prostaglandini, na prostaglandini huchochea estrojeni zaidi. Projesteroni ikija kutuliza, nyingi ya seli hizo hazimsikii. Jivu linamwagwa lakini makaa hayafunikiki.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwanamke mmoja kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana endometriosi. Ukihesabu wanawake wanaopita katika soko hili kwa siku moja, hiyo si hesabu ndogo. Dalili zake ni maumivu ya hedhi yanayozidi mwaka hadi mwaka, maumivu wakati wa tendo la ndoa au wa kwenda haja kubwa, na kwa wengine kukosa mtoto. Msemo wa kwamba akizaa yataisha umewafanya wasichana wengi wavumilie miaka ambayo wangekuwa wanatibiwa. Yapo matibabu ya hormoni yanayoupunguza moto huo, na upo upasuaji. Mama anayemwona binti yake akikosa shule kila mwezi ana sababu ya kumpeleka kituo cha afya, na akiambiwa ni kawaida tu, ana haki ya kuomba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya wanawake.

Mimba nayo ina hesabu yake. Mtoto tumboni nusu yake ni baba, yaani nusu yake ni mgeni kwa mwili wa mama. Kwa miezi tisa projesteroni, sasa ikitoka kwenye kondo la nyuma, huituliza kinga ya mama na misuli ya tumbo la uzazi. Nani basi anayetangaza kwamba muda umefika? Jibu la kwanza lilitoka kwa kondoo. Katika miaka ya 1960 daktari wa New Zealand, Graham Liggins, aliwapa wanakondoo walio bado tumboni homoni ya tezi ile ya juu ya figo, nao wakazaliwa kabla ya wakati. Mwanakondoo ndiye anayepiga kengele: kotisoli yake hupanda na kufanya projesteroni ya mama yake ishuke. Kwa binadamu mambo ni tofauti kidogo. Projesteroni haishuki katika damu ya mama kabla ya uchungu. Tumbo la uzazi ndilo linaloacha kuisikiliza. Prostaglandini na chembe nyeupe huingia, mlango wa kizazi hulainika, na kazi ikaanza.

Hatari ni pale moto unapowashwa na mwingine. Maambukizi ya njia ya mkojo, maambukizi ya ukeni yanayopanda juu, au malaria, huweza kuleta mwako kabla ya miezi kutimia, na mtoto akazaliwa njiti. Hiyo ndiyo sababu mkojo hupimwa kliniki hata kwa mama asiyehisi lolote. Wengine hudhani wanasumbuliwa bure.

Liggins aligundua jambo la pili katika kazi hiyo hiyo. Mwanakondoo mmoja alizaliwa mapema mno, akatarajiwa kufa kwa kuwa mapafu yake hayajakomaa, lakini akapumua. Steroidi ilikuwa imeyakomaza. Yeye na mwenzake Ross Howie wakajaribu kwa akina mama, na mwaka wa 1972 wakachapisha matokeo. Kwa miaka mingi baadaye watu walijiuliza kama sindano hiyo ingefaa katika hospitali zisizo na vifaa vingi. Mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa jibu kutoka hospitali 29 za Bangladesh, India, Kenya, Nigeria na Pakistan, ambako akina mama 2,852 waliokuwa karibu kujifungua kabla ya wakati walishiriki. Wengine walipewa deksamethasoni, wengine sindano isiyo na dawa. Watoto waliofariki kabla ya kufikisha siku 28 walikuwa karibu 20 katika kila 100 kwa waliopata dawa, na zaidi ya 23 kwa wasiopata. Kwa maneno mengine, kwa kila akina mama 25 waliochomwa, mtoto mmoja zaidi aliishi. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa imeshaonekana.

Dawa hii haina bei kubwa, lakini inataka saa. Hutolewa kwa dozi kadhaa, na mama anayefika mtoto akiwa ameshatokeza kichwa hapati nafuu yake. Kwa hiyo mwenye mimba ya miezi sita au saba anayesikia tumbo likikaza na kuachia, au anayeona maji au damu, asingoje kufunga duka. Pumwani, hospitali iliyopokea watoto wa jiji hili tangu mwaka wa 1926, haiko mbali na hapa.

Jina la Pumwani linaleta habari nyingine, ambayo dunia nzima ya utabibu inaijua kuliko wakazi wenyewe. Tangu mwaka wa 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, wamefuatilia afya ya wanawake wa Majengo wanaofanya biashara ya ngono. Muuguzi Elizabeth Ngugi, aliyekuja kuwa profesa, aliketi na wanawake hao, akawapanga katika vikundi na kuwafundisha matumizi ya kondomu wakati ambapo wengine waliishia kuwahukumu. Daktari Frank Plummer na wenzake walikuja kuona kwamba baadhi ya wanawake, licha ya kukutana na virusi vya Ukimwi miaka nenda miaka rudi, hawakuambukizwa. Mtu angedhani kinga yao ilikuwa kali mno. Kumbe, kwa sehemu, ilikuwa tulivu. Virusi hivyo hushambulia chembe za kinga zilizoamshwa. Palipo na mwako, chembe hizo zimejazana mlangoni. Palipo na utulivu, mwizi anakuta hakuna wa kumshika mkono.

Hapa ndipo sindano ya kupanga uzazi ya miezi mitatu inapoingia, na minong'ono yake yote. Dawa iliyo ndani ya Depo-Provera imefanana na projesteroni, ila ina tabia ya ziada: hushika pia mahali ambapo kotisoli hushika kwenye seli, na hivyo hugusa kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2019 kuhusu wanawake Wakenya wanaofanya biashara ya ngono uliwakuta watumiaji wa sindano hiyo wakiwa na chembe zinazopendwa na virusi kwa wingi zaidi kwenye mlango wa kizazi. Habari za namna hiyo zilipozagaa, wanawake wakaogopa, na woga huo ulikuwa na msingi. Swali lilistahili kujibiwa vizuri.

Likajibiwa mwaka huo huo. Utafiti ulioitwa ECHO uliwachukua wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, kituo cha Kenya kikiwa Kisumu. Kwa kura, wengine walipata Depo, wengine koili ya shaba, wengine kipandikizi cha mkononi. Walioambukizwa virusi walikuwa 397, na tofauti kati ya njia hizo tatu haikuwa kubwa. Agosti 2019 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba hata mwanamke aliye katika hatari kubwa ya kuambukizwa anaweza kutumia yoyote kati yake. Kinachoonekana chini ya darubini si lazima kiwe ndicho kinachotokea nyumbani. Lakini katika utafiti huo karibu wanawake 4 kati ya 100 waliambukizwa kila mwaka, njia yoyote waliyotumia, na idadi hiyo ndiyo ya kumkosesha mtu usingizi. Sindano huzuia mimba tu. Anayeichoma na hana uhakika na mwenzake anahitaji kondomu, au vidonge vya kinga vya PrEP, ambavyo serikali ilianza kuvitoa nchini kote mwaka wa 2017 na hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Na kwa wale wanaoiacha sindano kwa sababu hedhi imepotea: damu haijajikusanya tumboni. Utando haukujengwa, kwa hiyo hakuna cha kubomoka. Anayetokwa na matone matone kila mara aseme kliniki, yapo ya kufanya.

Kuna kinachostahili kuogopwa zaidi ya sindano hiyo, nacho kinauzwa waziwazi. Krimu zenye steroidi kali, kama betamethasoni na klobetasoli, hununuliwa kwa ajili ya kung'arisha ngozi, kisha mtu akiwashwa sehemu za siri hupaka hizo hizo. Muwasho hupotea siku mbili, mpakaji akafurahi. Lakini mara nyingi muwasho huo ni fangasi, na steroidi imewafukuza askari tu, fangasi wamebaki na nyumba. Vivyo hivyo vidonge vya deksamethasoni au prednisoloni vinavyonywewa kimyakimya ili kunenepesha mwili. Uso hufura, presha na sukari hupanda, hedhi huvurugika, na zile tezi za juu ya figo, zikiona kazi inafanywa na mwingine, hulala. Anayevinywa kwa muda mrefu kisha akaviacha ghafla anaweza kuzimia na hata kufa. Aliyekwisha kuanza asiache peke yake, amwone daktari apunguziwe kidogo kidogo. Kujisafisha ndani ya uke kwa sabuni au dawa za kuua vijidudu nako huua bakteria wema wanaokalinda kahali kale, na mwako ukaingia.

Wanaume waliosimama nyuma wakidhani hayawahusu, testosteroni nayo hutuliza kinga katika korodani ili mbegu zisishambuliwe kama wageni. Vijana wa gym wanaojidunga testosteroni ya dukani kwa ajili ya misuli wajue kwamba korodani, kama zile tezi, huacha kazi ikifanywa na mwingine, na mbegu zinaweza kupungua hadi kutoweka kabisa. Na maambukizi ya zinaa yasiyotibiwa huwasha moto kwa wawili. Mama akitibiwa na baba asitibiwe, dawa imemwagwa mtaroni.

Maswali haya yote hupokelewa katika vituo vya afya vya kaunti vilivyo karibu: Kaloleni, Makadara, Jericho, Bahati na Pumwani Majengo. Anayekwenda kwa ajili ya maumivu ya hedhi aandike kwanza, kwa miezi miwili au mitatu, siku hedhi ilipoanza, siku za maumivu, dawa aliyokunywa na kazi au masomo aliyoyakosa. Daftari dogo linatosha. Anayetumia krimu au vidonge asivyojua jina lake abebe kopo lenyewe.